Ukucha wa Fundi

"Hapa," alisema baba, na pete ikatupwa kwenye kikombe cha kuyeyushia, juu ya nyingine zote alizozikataa mwezi huo.

Binti yake aliuma midomo. Pete hiyo alikuwa ameisugua kwa msasa hadi vidole vikachubuka. Alikuwa ameikagua kwa lenzi karibu na dirisha, jicho la kulia, jicho la kushoto, asione kitu. Mzee hakutaka lenzi. Alifumba macho tu, akapitisha ukucha wa kidole gumba kuizunguka pete polepole, kisha akasimama mahali pamoja.

Pete ya fedha si kazi ngumu kuieleza. Unakata ukanda, unaukunja kwenye chuma cha mviringo kilichochongoka, na ncha mbili zikikutana unaziunga kwa lehemu na moto wa gesi. Baada ya hapo ni tupa na msasa mpaka pale zilipokutana pasijulikane. Hapo pa mwisho ndipo penye kazi yenyewe. Baba alisifika mtaa mzima kwa kugundua viungo ambavyo hata walioviunga hawavioni, ndiyo maana wateja walimwita Fundi Kucha.

"Siku ukucha wangu ukizunguka bila kukwama," alikuwa amemwahidi binti, "umefuzu. Mizigo nitakufungia mwenyewe."

Mizigo hiyo ilikuwa ya kwenda mji mwingine. Rafiki wa binti alikuwa amefungua karakana huko na kumwekea meza, lakini alishasema wazi kwamba ikifika Jumamosi hajaja, meza atapewa mtu mwingine. Binti angeweza kuondoka tu. Nani angemkamata? Ila hakutaka kuondoka kama mwizi. Alitaka atoke na neno la mtu aliyemshikisha nyundo ya kwanza.

Basi akarudia. Akabadilisha lehemu, akatumia laini zaidi. "Hapa." Akazikata ncha kwa msumeno mwembamba kuliko wote, zikakutana sawasawa kabla hata ya moto kuwashwa. "Hapa." Akaipiga pete yote kwa kichwa cha nyundo, vibonyo vitupu, ili kiungo kipotelee humo. Mzee akacheka kidogo. "Unanichezea shere, mama? Hapa."

Damu ilimchemka. Akaitupa tupa sakafuni, akaiokota, akaipangusa, kwa sababu tupa haina kosa. Usiku huo hakula, na baba alijifanya hamnazo, akakifunika chakula kwa sahani na kukisogeza karibu na mlango wa chumba cha binti.

Alhamisi alikuja shangazi, dada yake baba, mwanamke asiyejua kunong'ona.

"Kaka, mwachie mtoto aende," alisema akitafuta kiti kisicho na vumbi. "Humu ndani mtu na baba yake, siku nzima kugombana na kitu kisichoonekana!"

"Hajaiva, dada."

"Hajaiva, hajaiva! Ni maharage huyu? Wateja wenyewe siku hizi wanamwulizia yeye. Au unaogopa kubaki peke yako uanze kuongea na redio?"

"Sibaki peke yangu," baba alijibu, akipangusa miwani yake. "Nimeshakwambia hajaiva."

Binti alisikia yote, uso kaukazia kazini. Alikasirika, ndiyo, lakini hasira yenyewe aliielekeza kwa mikono yake. Ukucha wa baba haukuwahi kumwonea mtu. Kama ulikwama, ulikwamia kitu.

Ijumaa asubuhi mzee alikwenda kliniki kuangaliwa mgongo. Binti akafunga mlango wa karakana na kuanza kugonga. Aligonga, akaipasha fedha moto ilainike, akaizamisha majini, akagonga tena. Shangazi, aliyekuja kulinda duka, alivumilia mpaka kelele zikamzidi, akausukuma mlango.

"Leo mbona nyundo tu? Ule msumeno wako uko wapi?"

"Leo sina kazi nao, shangazi."

"Na hicho kichupa cha lehemu?"

"Nacho kipumzike."

Shangazi akasogea, akatazama, akatazama tena, kisha akafunika mdomo kwa kiganja.

Baba aliporudi, pete ilikuwa inamngoja juu ya kitambaa, inang'aa. Binti alikuwa ameshanawa mikono. Uso wake ulikuwa na utulivu ambao haukuonekana hapo wiki nzima. Mzee aliketi, akaivaa miwani, akaivua. Akamtazama binti, akatazama na begi jipya la safari lililoegemea ukuta.

Akafumba macho. Ukucha ukaanza kuzunguka. Ukazunguka taratibu, ukarudi ulikoanzia, ukaendelea tena, na shangazi akashika ukingo wa meza.

Ukasimama.

"Hapa," alisema baba, kwa sauti ndogo. "Umejitahidi sana, mwanangu. Safari hii ni chembamba mno. Lakini kiungo nimekipata, hiki hapa."

Pete ile binti aliitoa kwenye kipande kizima cha fedha, akakitoboa katikati na kulipanua tundu kwa nyundo mpaka likaenea kidole. Haikuwahi kukatwa, wala kuungwa, mahali popote.