Ukurasa wa Kaka

Mvua ya mchana ilinyesha taratibu, na herufi kwenye skrini zikawa kama zinaelea. Mhariri alikuwa akisahihisha mwongozo wa watengeneza tovuti, akafika kwenye amri ya kompyuta iliyokosewa. Ambaye angeifuata angefuta data zake zote akidhani anazihifadhi.

Chini ya ukurasa palikuwa na jina la aliyeuandika: marehemu kaka yake.

Kidole kiliganda juu ya kitufe, ncha yake imepauka kwa baridi. Alihisi kama kaka yuko chumba cha pili, anapiga mluzi huku akitafuta neno.

"Mbona kimya hivyo?" aliuliza mama yake, aliyekuwa ameketi karibu na dirisha.

"Kaka alikosea mahali, mama. Nikirekebisha, naona kama namfuta yeye."

Mama alisogea, akaikodolea macho lugha asiyoielewa.

"Kuna siku alimwelekeza mgeni njia siyo," alisema. "Alipokumbuka, aliacha chakula mezani akamkimbilia mpaka njia panda. Rekebisha, mwanangu."

Mhariri akafuta neno moja kwenye amri, akaandika jingine, na penye majina ya waandishi akaongeza lake chini ya la kaka.

"Sasa nisomee ukurasa wote," mama alisema, akivuta kiti. "Polepole."