Mshale wa Pili

Mwezeshaji wa semina alichora visanduku vitatu kwenye karatasi kubwa ukutani, akaviunganisha kwa mishale: wajawazito wataelimishwa, watakwenda zahanati kujifungua, vifo vitakoma.

"Hii ndiyo nadharia yetu ya mabadiliko," alisema.

Bi Mashavu, aliyemzika bintiye mwezi uliopita, alisimama.

"Mwanangu alielimika, baba. Alifika zahanati na uchungu wake, akakuta kufuli mlangoni, akafia barazani. Huo mshale wako wa pili umepitia wapi?"

"Hapo, mama, tumechukulia kwamba muuguzi yupo."

"Mmechukulia! Nyinyi mkachukulia, mimi nikazika."

"Pole sana, mama. Tutalijadili baada ya chai."

"Chai kanyweni wenyewe."

Alikwenda mbele, akampokonya mwezeshaji kalamu, akachora kufuli juu ya mshale wa pili. Alilikoleza wino, akalikoleza tena, mpaka karatasi ikatoboka.

Alipogeuka, mwanamke mmoja wa safu ya nyuma alikuwa ameshafika mbele. Alinyoosha mkono, akaisubiri kalamu.