Mluzi wa Mwanakheri

Waliokuwepo walikuwa hawa: Daktari Kigong'ota, tabibu wa vichwa, Bi Kanga, jirani mwenye malalamiko, Digidigi Shebwana, na mkewe Mwanakheri, ambaye ndiye aliyeambiwa ni mgonjwa.

"Jani likitikisika tu, anapiga mluzi," alisema Bi Kanga. "Hatulali."

"Nasikia chui," alisema Mwanakheri.

"Umemwona?" aliuliza Daktari.

"Nikisubiri nimwone, Daktari, nitakuwa nimechelewa."

"Hoja nzuri. Wagonjwa wa namna hii huwa na hoja nzuri sana. Nitamtoboa tundu dogo kwenye paji la uso, hofu itoke."

"Sitaki."

"Na kukataa ni dalili nyingine."

Shebwana alitaka kusema kwamba mluzi ule ndio uliomweka hai mpaka leo. Lakini Daktari alikwisha kumgeukia, akilikagua paji lake kama anayetafuta mahali pa kuanzia.

"Na wewe, bwana, husikii chochote?"

"Sisikii kitu, Daktari," alijibu Shebwana, akamwegemea mkewe ili asitikisike akitobolewa.

Matibabu yalifaulu. Mwanakheri aliacha mluzi, akawa anakula majani bila kuinua kichwa. Bi Kanga alilala usingizi mnono, akampelekea Daktari kumbikumbi wa shukrani. Shebwana alisikiliza kwa niaba ya wawili, ila kupiga mluzi hakuthubutu.

Asubuhi moja nyasi zilitikisika. Shebwana alikimbia kimya kimya. Mwanakheri alimtazama chui kwa upole, akaendelea kula.

"Mnaona?" Daktari aliwaambia majirani. "Hana hofu hata chembe."

Mwanakheri alifariki asubuhi hiyo, siku ya Jumanne.