Mwanafunzi Aliyegeuza Uso

Andama aliliweka koleo chini, mavumbini, akarudi nyuma mpaka penye ukuta wa jiko, akageuza uso.

Mwalimu Ayikoru alilitazama. Lilikuwa koleo lake mwenyewe la kukatia nyaya, lenye mipini myekundu, alilomwazima kijana huyu alipoanza mwaka wa kwanza. Alikuwa ametoka Arua mpaka Dranya, kijijini kwa kijana, kwa pikipiki, vumbi limemjaa hadi masikioni, na sasa alikuwa akirudishiwa kitu chake kama mbwa anayetupiwa mfupa.

“Nipe mkononi,” alisema.

Andama hakusogea. Aliutazama ukuta kana kwamba ndio uliosema naye.

Hasira iliyomtoa Ayikoru nyumbani alfajiri ikapanda upya. Alikuwa amemfundisha kijana huyu kufunga nyaya za umeme tangu hajui kushika bisibisi, na hakuwa amepata kuona mikono kama ile. Alimwamini kiasi cha kumpeleka nyumbani kwake Pajulu kufunga taa. Kazi ya siku moja Andama aliifanya wiki nzima, na hata baada ya hapo alikuwa akirudi kukagua swichi. Ayikoru alijisifu kwa walimu wenzake: huyo ndiye fundi, haridhiki upesi.

Kisha, muhula huu, kijana alibadilika. Kwanza alihamia dawati la nyuma kabisa. Halafu akawa anasikiliza somo akiwa nje ya dirisha, mgongo ameuelekeza darasani. Akiitwa mbele, anaondoka. Mwishowe alikwenda ofisini kuomba mwalimu mwingine, na alipoambiwa somo lile halina mwalimu mwingine, akajiondoa kwenye somo lenyewe. Wala hakuaga.

“Madam, huyo amechoka kufundishwa na mwanamke,” alisema Ezati, mcheshi wa darasa, na wavulana wakacheka. Ayikoru alicheka nao, kisha akageukia ubao. Maneno hayo aliyasikia kwa wanaume wengi tangu alipoanza kupanda nguzo za umeme akiwa msichana. Hakutegemea kuyapata kwa Andama.

Alitaka kummwagia binti yake Prossy uchungu huo, lakini simu ya Prossy ilikuwa imezimwa, kama ilivyokuwa siku nyingi tangu aende Kampala kutafuta kazi.

“Kesho majina ya watahiniwa yanapelekwa,” aliuambia mgongo wa Andama. “Bila somo langu hufanyi mtihani. Bila mtihani huna cheti. Utawabebea mafundi wengine ngazi mpaka uzeeke. Unanisikia?”

Andama aliinamisha kichwa. Alikuwa akisikia.

“Basi panda pikipiki turudi.”

“Siwezi kukaa darasani kwako, Madam,” alisema kwa sauti ya chini. “Hata nikitaka.”

“Kwa nini?”

Andama alizidi kuusogelea ukuta.

Mama yake, Rosa Kiden, alikuja na ugali wa muhogo na mboga ya kunde, akapiga magoti kumkaribisha mgeni kwa heshima ambayo mwanawe hakuwa nayo. Alimtandikia mkeka pale pale nje, kwenye jua, akaomba radhi kwamba ndani mambo yametawanyika, hapafai mgeni. Sahani ilipofunuliwa tu, Andama akazunguka nyuma ya jiko na kupotea.

“Hata kula mbele yangu hataki,” Ayikoru alisema.

“Madam, usikasirike,” Rosa Kiden alisema, jicho moja likienda mlangoni. “Huyu mtoto iko na adabu. Maneno iko, lakini si yangu kusema. Wazee yetu watakuja kwako.”

“Waje kuniomba msamaha? Msamaha auombe yeye, kwa kinywa chake.”

Aliisukuma sahani. Laiti kijana angekuwa mgonjwa, angemtafutia daktari. Laiti masomo yangekuwa yamemshinda, angekaa naye hata Jumapili. Lakini kichwa kizuri namna ile kuzikwa Dranya kwa sababu mwenye chaki amevaa gauni, hilo hakuweza kulimeza. Alisimama, akapita nyuma ya jiko.

Andama alikuwa amechutama kwenye kivuli. Alipomwona, alitafuta pa kupita, asipate. Ayikoru alikuwa amesimama katikati ya njia.

“Niangalie usoni,” alisema. “Niangalie, useme mwanamke hafai kukufundisha. Ukilisema hilo nitaondoka, na jina lako sitalitaja tena.”

Andama alivuta shati lake, akajifunika uso.

Hapo subira ya Ayikoru ikakatika. Alinyoosha mkono amkamate ukosi, amvute, amtazame huyu mtu aliyemdharau hivi. Kabla vidole havijamfikia, Andama aliruka nyuma kama aliyeguswa na waya ulio wazi, mgongo ukagonga ukuta, udongo ukamwagika.

Rosa Kiden alipiga yowe. Mlango wa nyumba aliokuwa akiukinga tangu mgeni afike ulifunguka.

Prossy alipiga magoti kizingitini, kitenge kimemkaza juu ya tumbo.

“Mama, usimshike mkweo,” alisema. “Anakuheshimu.”