Punje za Manjano

Bibi yake Raheli alifungua kiganja mbele ya Bwana Shauri, mzungu wa wilaya. Kiganjani mlikuwa na punje nne za mahindi ya manjano, yale ya msaada wa njaa.

"Nimeziokota mlangoni kwa karani huyu," alisema kwa Kigogo. "Anauza chakula chetu."

Karani akamtafsiria mzungu kwa Kiswahili: "Anashukuru sana kwa mahindi, Bwana."

Bwana Shauri akatabasamu. Bibi naye akatabasamu, akidhani amesikilizwa.

Raheli, aliyesoma misheni, alielewa yote. Akasimama.

"Kaa chini, mwanangu," karani alimwambia taratibu, kwa Kigogo. "Bwana anarudi Dodoma jioni hii. Mimi nabaki hapa na bibi yako."

Punje moja ilidondoka vumbini.

"Bwana Shauri," Raheli akaita, kwa Kiswahili.