Kitambaa cha Nthoki

Saa tatu asubuhi, kitambaa cheupe kilikuwa kwenye kamba nje ya nyumba ya Nthoki, Mukuru kwa Reuben, kikidondosha maji.

Kikundi cha mazingira kiliwapa wakazi vitambaa vya kuanika mwezi mzima bila kuviosha, ili leo mkaguzi wa serikali ajionee masizi ya kiwanda cha kuyeyusha betri. Vingine vyote viliibwa. Cha Nthoki, kilichobaki, jana kilikuwa cheusi.

"Mama, nani amekifua?"

"Mimi," alisema mama mkwe. "Wageni wakuje wapate uchafu mlangoni kwa mwanangu? Na vile kilikuwa kichwa ngumu! Nimemaliza sabuni."

Masizi yalikuwa yamebaki kwenye mikunjo ya vidole vyake na chini ya kucha.

Ndani, mtoto wa Nthoki alikohoa tena.

Mkaguzi alifika na watu wa kikundi. Alikishika kitambaa, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Kimefuliwa. Hapa sina cha kuandika."

"Mama," Nthoki alisema, "waonyeshe mikono."

Mama mkwe aliificha mikono ndani ya leso aliyojifunga.

"Karibuni chai," aliwaambia wageni.