Mikono ya Tunu

Tangu marehemu waruhusiwe kurudi nyumbani, binti yetu Tunu alikuwa akiishi kwenye tableti, pale pale mezani alipokuwa akikaa kula. Alizaliwa kiziwi. Tulizungumza kwa mikono, na kioo kile kipana kilimwonyesha mpaka kiunoni.

Leo tableti zote zimezimwa. Marehemu wamehamishiwa kwenye simu, na aliyeipanga upya programu yao ni mume wangu mwenyewe. Aliingia akitabasamu.

“Mama Tunu, sasa utakwenda naye hata sokoni. Kwa kuwa simu ni ndogo, nimebakiza uso tu. Si ndio watu wanaoutaka?”

Niliishika. Uso wa mwanangu ulijaza kioo karibu kizima, mabega yakionekana kwa ncha tu. Nikamsalimia kwa mkono mmoja, na mabega yake yakaanza kuchezacheza haraka haraka, kama kawaida yake akiwa na jambo. Nikaibana picha ipungue nione mikono yake, ikagoma. Nikaigeuza simu, wapi.

“Anasemaje?” aliuliza baba yake. Miaka yote hakujifunza lugha ile. Mimi ndiye niliyemtafsiria.

“Anakusalimia,” nikamwambia.

Tunu alikuwa ametuliza mabega, ananitazama, anasubiri nimjibu.